Picha ya Shamba Isiyo na Jembe



Katika somo la mwezi huu nataka tutazame pamoja jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo, nalo ni picha zilizochapwa juu ya majalada ya nyimbo huko Marekani zamani, kabla redio haijaenea. Nimelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi wetu ni wanakwaya, na karatasi ya nyimbo si kitu kigeni mikononi mwetu. Ya pili, picha hizo zilinionyesha kosa langu mwenyewe katika kazi ya ualimu, nami nitalieleza kabla ya kumaliza.

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, chumba chetu cha muziki kilikuwa na piano kuukuu ambayo sauti zake nyingi zilikuwa zimekufa, na kando yake sanduku la mbao lililojaa karatasi za nyimbo. Mkufunzi mmoja mgeni aliziacha alipomaliza mkataba wake. Sisi tulizoea nota za do-re-mi zilizoandikwa kwa herufi. Hizi zilikuwa za mistari mitano, na wengi wetu hatukuweza kuzisoma. Basi tulitazama majalada tu. Tuliona nyumba ndogo kando ya mto, moshi ukipanda polepole kutoka dohani, mbalamwezi juu ya maji, na mama mzee amesimama mlangoni kana kwamba anamngojea mtu. Tulisema, "Kumbe hata kwao kuna vijiji kama kwetu." Mwalimu wa muziki aliniruhusu nibandike jalada moja juu ya kitanda changu, nalo likakaa pale mpaka nikamaliza chuo.

Miaka mingi ikapita. Hivi karibuni, nikiwa nimekwisha kustaafu, nilimsimulia mjukuu wangu habari za majalada yale. Naye akanitafutia katika simu yake, akanionyesha hazina kubwa ya nyimbo zilizochapwa, iliyokusanywa na Lester Levy wa Baltimore na kuhifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Zimo nyimbo zipatazo 29,000, za tangu mwaka 1780 hadi 1980. Tukakaa jioni kadhaa tukitazama. Haya ninayoyaandika ni matunda ya jioni hizo na ya kusoma kulikofuata.

1. Jalada lilikuwa na kazi gani?

Kabla ya gramafoni na redio, mtu aliyeupenda wimbo hakununua sauti, alinunua karatasi. Aliipeleka nyumbani, binti au mama akakaa kwenye piano, na jamaa wote wakaimba. Kwa hiyo mwenye kuuza wimbo alikuwa na shida moja: mnunuzi asiyejua wimbo hawezi kuusikia kwa kuutazama. Ndipo jalada likapewa kazi ya kumwita mpita njia kutoka dirisha la duka.

Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu ya ufundi wa kuchapa kwa jiwe, uliobuniwa na Mjerumani mmoja, Alois Senefelder, katika miaka ya mwisho ya 1790. Kanuni yake kila mama jikoni anaijua: mafuta na maji havichangamani. Mchoraji huchora juu ya jiwe laini kwa chaki yenye mafuta, kisha jiwe hulowanishwa maji. Wino wenye mafuta hushika pale penye mchoro tu, na penye maji haushiki. Senefelder mwenyewe aliutumia ufundi huo mapema kuchapa muziki. Baadaye watu wakajua kuchapa rangi kadhaa, kila rangi na jiwe lake, na majalada yakapata mbingu za buluu na machweo mekundu.

Kufikia miaka ya 1890 biashara hii ilikuwa imekusanyika zaidi New York, katika mtaa wa West 28th Street, ambako wachapaji wa nyimbo walipangana nyumba kwa nyumba. Mtaa huo ulipewa jina la utani, Tin Pan Alley, maana yake Kichochoro cha Masufuria, kwa sababu ya kelele za piano nyingi zilizopigwa kwa wakati mmoja. Wachoraji nao walikuwa hapo. Miongoni mwa waliochora sana walikuwa ndugu wawili waliozaliwa Uingereza, William na Frederick Starmer, ambao jina lao linaonekana chini ya majalada mengi mno.

Basi hapo ndipo kijiji changu cha juu ya kitanda kilipozaliwa. Kilizaliwa mjini, katika ofisi ya mchapaji, huku magari ya farasi na ya umeme yakipita barabarani.

2. Walichora nini?

Ukitazama majalada ya miaka ya 1890 hadi 1920 utaona mambo yaleyale yakirudi. Kuna kijito na kinu cha maji, mtofaa unaochanua, na msichana wa kofia ya kitambaa akiegemea lango. Kuna kanisa dogo lenye mnara. Nyimbo zenyewe zilikwenda hivyohivyo. Mwaka 1905 ulitoka wimbo wa kivuli cha mtofaa wa zamani, In the Shade of the Old Apple Tree, na mwaka 1910 ukachapwa wimbo wa kijito cha kinu, Down by the Old Mill Stream.

Nyimbo zilizohusu majimbo ya Kusini zilikuwa na picha zake. Zilionyesha kibanda cha magogo, shamba la pamba jeupe hadi upeo wa macho, stima mtoni, na watu Weusi wakicheka na kupiga banjo chini ya mwezi. Mara nyingi sura za Weusi hao zilichorwa kwa dhihaka, midomo na macho yamekuzwa kupita kiasi. Tena majukwaani walioziimba aghalabu walikuwa Wazungu waliojipaka masizi usoni.

Kwa nini picha hizo zilinunuliwa sana? Tazama wakati wenyewe. Watu walikuwa wakimiminika mijini, na hesabu ya watu ya mwaka 1920 ndiyo ya kwanza kuonyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wamarekani waliishi mijini. Wengine walikuwa wametoka mashambani, wengine wametoka ng'ambo ya bahari na hawakuwahi kuishi shamba lolote la Marekani. Wote walikaa katika vyumba vya kupanga. Mtu aliyerudi jioni kutoka kiwandani alipoiona nyumba ile yenye moshi, moyo wake ulivutwa. Mchapaji alilijua jambo hilo vizuri.

3. Mto uliotafutwa katika atlasi

Mfano mkubwa ni wa zamani kidogo kuliko hao. Stephen Foster alizaliwa mwaka 1826 karibu na Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania, kaskazini. Mwaka 1851 wimbo wake Old Folks at Home, yaani Wazee Nyumbani, ulichapwa New York. Ndani yake mtu Mweusi anaimba jinsi anavyoulilia mto Swanee na shamba kubwa alikokulia.

Foster hakuwahi kuuona mto huo. Katika mswada wa kwanza aliandika jina la mto mwingine, Pee Dee, lakini hakuridhika nalo. Ndugu yake Morrison alisimulia baadaye jinsi walivyofungua atlasi kutafuta jina la mto litakaloingia vizuri katika sauti, wakaukuta Suwannee, mto wa Georgia na Florida. Foster akalifupisha jina hilo ili liimbike. Safari yake ya kwenda Kusini kwa stima, hadi New Orleans, aliifanya mwaka 1852, wimbo umekwisha kuuzwa.

Hata jina la mtunzi juu ya jalada halikuwa la kweli. Foster alikubali kulipwa ili liwekwe jina la Edwin P. Christy, kiongozi wa kundi mojawapo la waimbaji wa kujipaka masizi. Mwaka uliofuata alimwandikia Christy akiomba jina lake lirudishwe, lakini hakukubaliwa. Foster alifariki New York mwaka 1864, akiwa na miaka 37, na mkobani mwake zilikutwa senti 38.

Mto ule ukaendelea kuuzwa. Mwaka 1919 vijana wawili wazaliwa wa New York, George Gershwin na Irving Caesar, walitunga wimbo mwingine uitwao Swanee. Mwimbaji Al Jolson akauimba, na karatasi zake zikauzwa kwa mamia ya maelfu. Kwa hiyo mto ambao mtunzi wa kwanza aliupata katika atlasi, watunzi wa pili waliupata katika wimbo wa yule wa kwanza.

4. Nani hayumo katika picha?

Hapa naomba tusimame kidogo, maana ndipo lilipo jambo zito.

Mwaka 1850, mwaka mmoja kabla ya wimbo ule, hesabu ya watu ya Marekani ilikuta watumwa zaidi ya milioni 3.2. Hao ndio waliokuwa katika mashamba yale ya pamba. Watoto waliuzwa mbali na mama zao. Sisi ambao tumepata kuchuma pamba tunajua jinsi kokwa lililokauka linavyochoma vidole, nasi tulichuma pamba yetu wenyewe. Wao walichuma ya bwana, na mizani ilipoonyesha pungufu, fimbo ilifuata. Lakini msimamizi na fimbo yake hawamo katika picha, wala mizani haimo.

Utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1865. Hata hivyo Weusi wengi walibaki kulima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, na deni la mbegu na chakula likawafunga mwaka hata mwaka. Tena walitishwa, na wengine waliuawa na makundi ya watu bila hukumu. Kati ya miaka ya 1910 na 1970 Weusi wapatao milioni 6 waliondoka Kusini. Angalia ajabu hii: katika miaka ileile ambayo mtaa wa West 28th Street ulikuwa ukichapa nyimbo za kutamani kurudi Kusini, watu wenyewe wa Kusini walikuwa vituoni wakingoja treni ya kuwatoa huko.

Tusiseme kwamba walioshiriki katika kazi hii wote walikuwa Wazungu. James Bland, Mweusi aliyezaliwa mwaka 1854 huko Flushing, New York, katika jamaa ya watu huru, alitoa mwaka 1878 wimbo wa kuomba arudishwe Virginia ya zamani. Jimbo la Virginia liliufanya wimbo wake rasmi mwaka 1940, kisha mwaka 1997 likauondolea cheo hicho, kwa sababu wajukuu wa watumwa hawakuweza kuimba kwamba wanamlilia bwana. Kadhalika Kentucky mwaka 1986 na Florida mwaka 2008 walibadili maneno ya nyimbo zao rasmi, zote mbili za Foster.

Wala tusihukumu kwa pupa. Frederick Douglass, ambaye mwenyewe alizaliwa mtumwa akatoroka, alisema mwaka 1855 kwamba baadhi ya nyimbo za namna hii, pamoja na mbili za Foster, zaweza kuamsha huruma kwa mtumwa. Yeye alisikia machozi ndani ya wimbo. Wimbo mmoja waweza kubeba machozi ya kweli na uongo juu ya jalada.

5. Je, hamu ya nyumbani ni kosa?

Mtu ataniuliza, "Mwalimu, basi tusikumbuke nyumbani?" Hapana, sisemi hivyo. Tumtazame mtunzi mwingine, Paul Dresser. Huyu alizaliwa mwaka 1857 katika mji wa Terre Haute, jimbo la Indiana, kando ya mto Wabash wenyewe. Mwaka 1897, akiwa New York, alitoa wimbo wa kuukumbuka mto huo, On the Banks of the Wabash, Far Away. Indiana iliufanya wimbo wa jimbo mwaka 1913. Hamu yake ilikuwa na haki zote, maana mto ule aliujua.

Lakini Paul alikuwa na mdogo wake, Theodore Dreiser, aliyekuwa mwandishi wa vitabu. Theodore naye alikumbuka Indiana, na aliyoyaandika ni umaskini: baba asiye na kazi ya kudumu, mama akihamahama na watoto kutafuta nyumba ya kodi nafuu. Mwaka 1900 alitoa riwaya yake ya kwanza, Sister Carrie, habari za msichana anayeacha mji mdogo na kwenda kutafuta maisha Chicago. Watoto hawa walitoka tumbo moja. Mmoja aliimba uzuri wa kwao, mwingine akaandika kwa nini watu huondoka kwao. Mimi nasema tunawahitaji wote wawili mezani, na anayemsikia Paul peke yake hajaijua nyumba ile.

Hata katika Biblia jambo hili limo. Someni kitabu cha Hesabu, sura ya 11. Wana wa Israeli jangwani waliwakumbuka samaki wa Misri, na matango, na matikiti, na vitunguu. Walikumbuka kweli, maana vyakula hivyo walivila. Ila hawakuyataja matofali wala wasimamizi. Njaa ya siku moja iliwachorea picha nzuri ya nyumba ya utumwa.

6. Kosa langu

Sasa nitimize ahadi yangu. Katika miaka yangu ya kwanza ya kufundisha niliwapa watoto wa Darasa la Tano somo la kuchora: "Nyumbani Kwetu Kijijini." Nilikusanya karatasi arobaini na kitu. Karibu zote zilikuwa na milima miwili, jua katikati yake, nyumba ya nyasi, mnazi na njia inayopinda, japokuwa minazi kwetu haikuwako hata mmoja. Watoto walikuwa wameiga picha za vitabuni, nami nikawapa alama nzuri.

Binti mmoja alichora mgongo wa mama aliyeinama analima, na mtoto mgongoni. Mama huyo alijaza karatasi yote. Jua halikuwapo, wala milima, na nyumba haikuonekana. Nikampa alama tatu katika kumi, nikaandika kwa kalamu nyekundu, "Kijiji kiko wapi?"

Alikuja mezani kwangu akasema kwa adabu, "Mwalimu, nikiwa nyumbani mimi hukaa nyuma ya mama shambani. Ndivyo ninavyoona." Nikamwambia arudi akae chini.

Sikuwaza tena habari hiyo mpaka jioni zile za majuzi na mjukuu wangu. Tulipokuwa tukipitisha majalada, mtoto aliniuliza, "Babu, mbona hawa watu hawana majembe?" Tukarudi nyuma tukahesabu. Katika majalada yote ya mashambani tuliyotazama jioni ile hatukuona mtu hata mmoja aliyeinama kwa kazi. Nikamkumbuka yule binti. Nilikuwa nimelala miaka yangu ya chuo chini ya picha ya mjini, nikaichukua kuwa kipimo, nikampimia mtoto aliyesema kweli. Yeye leo ni mtu mzima, sijui yuko wapi. Kama anasoma gazeti hili, namwomba radhi. Alistahili kumi.

7. Tujifunze nini?

Ndugu wasomaji, nasi tunazo picha zetu. Kalenda ukutani zina vijiji visivyo na jasho. Watoto wetu walioko mijini huimba na kusimulia kijiji cha maziwa na embe, na wanapokuja sikukuu hushangaa kwamba bibi mgongo unamuuma na maji bado ni mbali. Nao wazee tulioko shambani tuna picha yetu ya mjini, ya nuru na fedha, isiyo na chumba kimoja wanacholala watu sita. Kila upande unamtumia mwenzake jalada zuri, na barua ya ndani haifunguliwi. Ndiyo maana msaada mara nyingine haufiki, maana anayeona moshi unapanda vizuri hawezi kujua kwamba kuni zimekwisha.

Kwa hiyo kila tuonapo picha nzuri ya mahali, yafaa kuuliza mambo matatu. Nani aliichora, na alikuwa ameketi wapi? Aliichora ili nani ainunue? Na nani aliyekuwapo pale, lakini hayumo katika picha? Hatuulizi ili kuiharibu furaha ya mtu. Wimbo wa Wabash bado ni mzuri hata baada ya kujua umaskini wa akina Dresser. Mimi kwangu umezidi uzuri.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au katika vikundi

1. Taja wimbo mmoja tunaouimba unaosifu kijiji au nchi. Ni kazi gani ya watu wa mahali hapo isiyotajwa?

2. Ulipomwandikia au kumpigia simu ndugu yako aliye mbali mara ya mwisho, ni jambo gani la nyumbani ulilomficha? Kwa nini?

3. Someni Hesabu 11. Kama ungekuwa mmoja wa wale walioikumbuka Misri, ungetaja nini, na ungeacha nini?

4. Mpe mtoto karatasi achore nyumbani. Usimwambie la kuchora. Akimaliza, mwulize ni nani aliye katika picha na anafanya nini, kisha umsikilize mpaka amalize.